Kamshafti zimerudishwa, injini inalia ta-ta-ta: ninunue hedi nyingine?

Swali: "Assalaam aleikum. Nina Probox ya 2007, injini 1NZ-FE, nabebea mboga kutoka Kongowea hadi Mtwapa. Ilikuwa ikitoa moshi wa samawati asubuhi ninapowasha. Fundi akafungua kava ya juu, akatoa kamshafti zote mbili, akabadilisha sili za valvu bila kushusha hedi. Tangu alipofunga, injini inalia ta-ta-ta kama cherehani, taa ya injini imewaka na mashine inasoma P0016. Nikipanda Mazeras gari haina nguvu. Fundi huyo asema itazoea. Wa pili asema kamshafti zimekwisha, ninunue za mtumba. Wa tatu ataka ninunue hedi nzima. Nakumbuka vile vikombe vya valvu vyote vilitiwa karai moja vikaoshwa kwa petroli. Nimfuate nani? Na zikifungwa upya, zifungwe vipi?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza, na gari isimame hapo ilipo. Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno linalonikaa kichwani ni moja: karai. Sili za valvu ni vijipira vya kuzuia oili tu. Kuzibadilisha hakuongezi wala hakupunguzi nafasi kati ya kamshafti (zile fito mbili za juu zinazofungua valvu) na valvu zenyewe. Injini iliyokuwa kimya kabla ya sili na sasa inalia, haikuchakaa kwa siku moja. Kuna vitu vimerudi mahali pasipo pake.

Hebu nikueleze kwa nini vikombe hivyo, ambavyo mafundi huviita tapeti, havichanganywi. Injini yako ina valvu 16. Juu ya kila moja pamekaa kikombe cha chuma kigumu, na kamshafti hukikandamiza kikombe hicho moja kwa moja. Ndani hamna oili ya kujirekebisha yenyewe kama kwenye injini nyingine, wala sahani ndogo ya kubadilisha. Nafasi inayobaki kati ya kamshafti na kikombe hutokana na unene wa kikombe chenyewe, na kiwandani kila kikombe kilichaguliwa kwa kupimwa dhidi ya valvu yake. Tofauti baina yao ni sehemu za mia za milimita, jicho haliioni. Ukivichanganya kumi na sita ndani ya karai, valvu moja hupata kikombe chembamba na nyingine hupata kinene.

Kikombe chembamba huacha nafasi kubwa, na kamshafti inapozunguka hukigonga badala ya kukisukuma. Hiyo ndiyo ta-ta-ta yako. Ajabu ni kwamba hizo zinazolia si zile za kukutia hofu zaidi. Kikombe kinene hubana, hakilii hata kidogo, lakini injini ikipata moto chuma kinatanuka na valvu haifungi sawasawa. Mbano wa hewa ndani ya silinda unavuja, nguvu inapotea, na valvu ya ekzosti (ya kutoa moshi) huungua ukingo, kwa sababu haipati muda wa kukalia kiti chake na kuupeleka moto kwenye hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Kwa hivyo "itazoea" si jibu. Yaliyolegea hayatakaza yenyewe, na yaliyobana yanaunguza valvu yakiwa kimya.

P0016 ni jambo jingine, japo huenda limetokana na siku hiyohiyo. Namba hiyo ya hitilafu yasema kompyuta inaona kamshafti na krankshafti (fito kuu ya chini inayozungushwa na pistoni) hazisomani: moja iko mbele au nyuma ya pale inapotakiwa. Katika 1NZ-FE cheni hukazwa na tenshena inayosukumwa na oili, yenye meno ya kuizuia isirudi nyuma. Fundi akilegeza kamshafti bila kuifunga tenshena kwanza, mshale wake, yaani kile kijiti kinachosukuma cheni, huchomoka na kukaa pale. Wakati wa kurudisha, cheni inaonekana fupi, haifiki, na mtu mwenye haraka huilazimisha kwa kuruka jino. Jino moja latosha kuiwasha taa na kuiua nguvu ya kupandia kilima. Mawili au zaidi, valvu zinaweza kukutana na pistoni. Ndiyo maana nimekuambia gari isimame.

Sasa kazi yenyewe. Iache injini ilale usiku kucha, na kipimo kifanywe asubuhi mapema, kwani joto la Mombasa saa sita mchana juu ya injini iliyotoka barabarani litakudanganya. Toa koili na plagi ili krankshafti izunguke bila kupigana na mbano. Fungua kava ya juu. Kabla ya kushika fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), soma vifuniko vidogo vinavyoshikilia kamshafti. Vimepigwa chapa: I ni upande wa kuingiza hewa, E ni upande wa ekzosti, namba hufuatana kutoka upande wa cheni, na mshale hutazama cheni. Kimoja kikiwa si mahali pake au kimegeuzwa, vipimo vyote vitakavyofuata ni vya uongo, maana kamshafti haijakaa kwenye kimo chake. Vifuniko hivi vilitobolewa pamoja na hedi kwa mpigo mmoja pale kiwandani. Hakuna cha kuazima kutoka injini nyingine, hata kama zimetoka Japani kwenye kontena moja.

Vifuniko vikiwa sawa, zungusha krankshafti kwa bolti yake ya mbele, kwa mwelekeo wa saa, hadi mkato wa puli ufike kwenye 0 ya kava ya cheni. Tazama kamshafti za silinda namba 1: vichwa vyote viwili (zile nundu zinazokandamiza vikombe), cha kuingiza na cha ekzosti, viwe vimegeukia mbali na vikombe. Kama bado vinakandamiza, zungusha duru moja kamili. Hapo ndipo utakapojua habari ya P0016. Alama za gia mbili za juu zikiwa hazitazami juu pamoja, na puli iko kwenye 0, cheni imeruka. Usihangaike na vipande vya rangi kwenye cheni yenyewe. Hivyo hulingana siku ya kufunga tu. Injini ikishazunguka huchukua duru nyingi sana kurudi, na watu wengi wamefungua injini nzima bure kwa sababu yake.

Pistoni namba 1 ikiwa hapo juu, pima valvu za kuingiza za silinda 1 na 2, na za ekzosti za silinda 1 na 3. Zungusha duru moja, kisha pima za kuingiza za 3 na 4, na za ekzosti za 2 na 4. Mpangilio huu hufuata zamu ya kuwaka ya injini hii, 1-3-4-2, kwa hivyo usiubadilishe. Upande wa kuingiza, nafasi sahihi injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25. Upande wa ekzosti ni 0.25 hadi 0.35. Ubapa wa fila geji upite ukikwaruza kidogo, kama kuvuta karatasi iliyobanwa ndani ya kitabu. Andika namba zote kumi na sita kwenye daftari, si kichwani, kabla ya kulegeza bolti yoyote.

Daftari hilo ndilo litakaloamua unanunua nini, na huenda usinunue kitu. Kamshafti zikitoka, kila kikombe kipimwe unene katikati kwa maikromita, kisha ufanye hesabu hii. Unene unaotakiwa upande wa kuingiza ni unene wa sasa, ujumlishe nafasi uliyopima, utoe 0.20. Upande wa ekzosti utoe 0.30. Tuseme valvu moja ya kuingiza ilisoma 0.38 na kikombe chake ni milimita 5.30. Inahitaji cha 5.48. Ya ekzosti iliyobana ikasoma 0.12 na kikombe cha 5.44 inahitaji cha 5.26. Ukishapata unene unaotakiwa kwa nafasi zote kumi na sita, tazama vikombe ulivyo navyo mezani. Kama kweli shida ni karai, vingi kati ya hivyo unavyotafuta vimo ndani ya injini hiyohiyo, vimekaa kwa jirani. Vipange upya, na ununue vile viwili vitatu tu vitakavyokosekana.

Tahadhari moja kwenye hesabu hiyo: mahali fila geji isipoingia kabisa, hata ule ubapa mwembamba kuliko wote, usiandike sifuri ukaendelea. Hujui valvu imeshikiliwa wazi kwa kiasi gani. Hapo tia kwanza kikombe unachojua ni chembamba, funga, upime tena. Na mtu akikushauri kukisaga kikombe au ncha ya valvu kwa jiwe ili nafasi ipatikane, mkatalie. Ugumu wa chuma hicho uko kwenye ngozi ya juu. Ukiisaga umebaki na chuma laini kitakacholika haraka.

Kuhusu kutoa. Tafuta kwanza tundu la huduma kwenye kava ya cheni, lililozibwa kwa bolti. Kupitia tundu hilo, bisibisi nyembamba huinua kile kibati cha kufunga meno ya tenshena. Mwenzako ashike kamshafti ya ekzosti kwa spana, kwenye ile sehemu yenye pembe sita iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, aizungushe taratibu kwa mwelekeo wa saa mpaka cheni isukume mshale wa tenshena kurudi ndani. Mshale ukiwa ndani, pini ya kipenyo cha milimita 2 hadi 3 hupitishwa kwenye vitundu na kugandishwa kwa utepe isidondoke. Weka alama ya rangi kwenye cheni na gia, ikiwa taimingi (ulinganifu wa alama za gia na puli) ilikuwa sawa, na uifunge cheni kwa kamba ili isitumbukie ndani ya kava. Kamshafti ya ekzosti hutangulia kutoka.

Bolti za vifuniko zilegezwe bandu bandu, robo duru kila moja, kuanzia za nje kuja kati. Springi za valvu zinaisukuma kamshafti kwenda juu baadhi ya mahali, na mahali pengine haisukumwi. Ukitoa bolti za upande mmoja zote, upande huo unainuka huku mwingine umeshikwa. Kamshafti ni chuma cha kumimina: haipindi, inakatika. Isipokatika, bolti ya mwisho hubeba nguvu ya springi zote na kung'oka na uzi wa alumini.

Vikombe vitakavyotoka vikae kwenye trei ya mayai. Trei ya kawaida ina mashimo thelathini, kwa hivyo nafasi iko tele. Andika kwa kalamu I1 mbele na nyuma, E1 mbele na nyuma, na kuendelea. Vifuniko navyo vipate trei yao. Osha kimoja kimoja na ukirudishe shimoni mwake. Huku kwetu pwani usikiache chuma kilichooshwa kikauke na kulala usiku, kwani upepo wa bahari utakitia kutu kabla ya alfajiri. Pakaza oili mara moja, ufunike kwa kitambaa safi kisicho na manyoya. Msasa usiguse kamshafti wala makalio yake kwenye hedi. Vumbi lake huzama ndani ya alumini na kubaki pale likikwaruza kila siku.

Sasa kufunga. Vikombe viingie kwa kidole, vikiwa na oili pembeni na juu, na kila kimoja kizunguke bila kukwama. Makalio ya kamshafti yafutwe makavu kwanza, ukague vitundu vya oili havijaziba, kisha upakaze oili safi ya injini ya kutosha kwenye makalio na kwenye vichwa vya kamshafti. Usiipake silikoni chini ya vifuniko hivi vidogo. Inaviinua, inabadilisha nafasi ya oili, na ikikatika huenda kuziba tundu. Mahali pa silikoni ni padogo na ni pawili tu: pale kava ya cheni inapokutana na hedi, chini ya gasketi ya kava ya juu.

Laza kamshafti ya kuingiza, kisha ya ekzosti, pistoni namba 1 ikiwa juu na alama zikitazama juu. Gia yenye VVT-i, ule mfumo wa oili unaobadilisha muda wa kufungua valvu, iko upande wa kuingiza. Pini ya kamshafti lazima iingie kwenye tundu lake kwenye gia hiyo kabla ya bolti ya katikati kukazwa. Bolti hiyo hupata Nm 64 (nyutoni mita, kipimo cha mkazo), na kamshafti hushikiliwa kwa spana kwenye pembe sita, si kwa kuing'ang'anisha cheni. Zile bolti nyingine ndogo za gia ya VVT-i usiziguse.

Vifuniko vyote vikishakaa, kaza bolti kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, kila raundi robo duru, raundi nne au tano, ukitazama kamshafti inashuka sambamba. Kifuniko cha mbele kabisa, kile cha upande wa cheni, humalizwa kwa Nm 23. Vingine vyote ni Nm 13. Nasisitiza hii kumi na tatu, kwa sababu ndipo hedi nyingi zinapoharibikia. Kwa mkono wa racheti wenye urefu wa sentimita 15, ni sawa na kuning'iniza kilo tisa hivi. Mkono wa fundi aliyezoea bolti za magurudumu unapita hapo bila kuhisi. Toki renchi (spana ya kupimia mkazo) ya magurudumu inayoanzia 40 haifai. Tafuta ndogo, hata kama ni ya kukodi kwa siku.

Chomoa pini ya tenshena, rudisha bolti ya tundu, kisha zungusha krankshafti kwa mkono duru mbili kamili kwa mwelekeo wa saa. Ikigonga kitu kigumu, acha papo hapo. Hiyo ni valvu imegusa pistoni, na nguvu zaidi itaipinda. Ikizunguka vizuri, irudishe kwenye 0, hakikisha alama, na pima tena nafasi zote kumi na sita. Ndiyo, zote, hata ambazo hukubadilisha kikombe chake. Kwa siku ya kwanza, zungusha kwa stata plagi zikiwa nje na waya za injekta zimechomolewa, sekunde kumi kumi, mpaka taa ya oili izime. Kamshafti ikianza kavu, ule mng'aro wa makalio huondoka kwenye dakika ya kwanza. Tia oili mpya na filta; injini hii huchukua lita 3.7 pamoja na filta.

Ikiwa alama za cheni zilikuwa sawa tangu mwanzo, au P0016 imerudi baada ya kazi hii, tazama ile valvu ya umeme inayopeleka oili kwenye VVT-i kabla ya kulaumu kamshafti. Waya zake mbili zikipimwa baridi zisome kati ya ohm 6.9 na 7.9. Ikipata volti 12 injini ikiwa imewashwa na haijakanyagwa mafuta, injini inapaswa kuyumba au kuzima. Isipotikisika, valvu imekwama au kichujio chake kimejaa matope ya oili.

Nirudi kwa mafundi wako wawili waliobaki. Kamshafti za mtumba zina maana pale tu kichwa cha kamshafti uliyo nayo kina mashimo au kimelika kiasi cha kushika ukucha. Kamshafti nyingine hubadilisha nafasi zote kumi na sita, kwa hivyo vipimo utavianza upya, na ugonjwa wa karai utabaki palepale. Hedi nzima ina maana pale makalio ya kamshafti kwenye hedi yamechunika, au vifuniko vyake vya asili vimepotea. Hata hapo si kazi ya kununua na kuweka. Hedi hiyo ikapimwe unyoofu, gasketi iwe mpya, bolti zake zikazwe Nm 29 kisha nyuzi 90 mara mbili, na nafasi za valvu zipimwe vilevile. Anayekuuzia hedi ili ukwepe fila geji hajakukwepesha.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, na gari ibebwe hadi kwenye karakana yenye mashine na mtu wa injini. Mojawapo ni kamshafti isiyozunguka kwa urahisi vifuniko vikishakazwa. Jingine ni uzi wa bolti uliong'oka kwenye hedi: huo hutobolewa na kutiwa uzi wa chuma, haujazwi gundi. Jingine ni taa ya oili isiyozima. Na kama nafasi zote ni sawa, alama ni sawa, na bado nguvu haipo, omba kipimo cha mbano kwa silinda zote nne. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1 hivi. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, basi kuna valvu iliyoungua au kupinda, na hapo ndipo hedi itashuka kwa haki.

Moshi wako pia uutazame. Ule wa asubuhi unaotoka kwa dakika moja ukatoweka ni wa sili, na kazi ya fundi wa kwanza ilikuwa na msingi. Ukiona sasa unatoka unapokanyaga mafuta, gari ikiwa imepata moto na mzigo uko nyuma, huo ni wa ringi za pistoni, na hakuna kilichoko juu ya hedi kitakachouponya.

Zile namba kumi na sita za mwisho ziandike na tarehe, na unene wa kila kikombe, uziweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na logibuku. Atakayeifungua kava hiyo baadaye atajua alipoanzia.